Raili Väätäinen, Msomaji wa Mapafu na wa Sili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya picha ya hospitali yetu, Dk. Raili Väätäinen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei. Ameomba tusimsifu sana. Ombi lake limepokelewa, limesomwa, na limewekwa kando.

Raili ni mzaliwa wa Rantasalmi, binti wa mwalimu wa hesabu. Alisomea udaktari Kuopio, akaja kwetu na watoto wawili wadogo na gari lililowaka siku lilipojisikia. Kazi yake imekuwa kusoma picha za kifua kabla ya upasuaji: uvimbe umekaa wapi, umegusa nini, kisu kipite njia gani. Amefundisha nusu ya madaktari wanaosoma picha mkoani, na wengi wao bado humpigia simu wakikwama.

Likizo zake zote amezimalizia kwenye picha nyingine, za sili wa Saimaa, mnyama wa majini anayeishi katika ziwa letu na si kwingine duniani. Kila sili ana viduara vyake ubavuni, na hakuna wawili wanaofanana. Watu wa kujitolea huwapiga picha wakiota jua miambani, na Raili hukaa akilinganisha viduara mpaka ajue huyu ni nani. Majira ya baridi yeye hutuburuta sote tukarundike theluji ufukweni, sili wapate pa kuzalia. Hutulipa kwa kahawa na maandazi ya iliki, nasi hurudi kazini tumeshika viuno.

Kulikuwa na sili wawili aliowapenda kupita kiasi, Lahja na Helka. Kwa miaka minne tulisikia habari zao kila chakula cha mchana. Lahja alipigwa picha ubavu wa kushoto tu, Helka wa kulia tu. Siku moja ya machipuko Lahja akajigeuza mwambani mbele ya kamera, na upande wa pili akawa Helka. Raili alikuja kazini macho mekundu.

“Pole na msiba, mama,” tukamwambia. “Mazishi lini?”

Alicheka pamoja nasi, kisha akasema taratibu, “Haya, chekeni. Lakini walikuwa wachache, na leo wamepungua mmoja.”

Tangu siku hiyo hakuiamini tena picha moja. Na akiwa hivyo ndipo alipokutana na Aune Kettunen, yapata miaka kumi iliyopita.

Aune alikuwa mpishi wa shule, mjane mwenye binti mmoja wa darasa la tatu. Pafu lake la kushoto lilikuwa na uvimbe uliolala juu ya mshipa mkuu wa damu. Kama uvimbe umeushika mshipa, kuukata ni kumuua mezani. Kama umeuegemea tu, unatoka, na mama anaishi. Dk. Osmo Harju, bingwa wetu wa upasuaji na mtu mwangalifu sana, alishaamua kwamba hapasui.

“Umeshika, Raili. Hata mtoto anaona.”

“Umeshika au umeegemea? Picha yako hii inajua tofauti?”

“Dada, hao sili wamekuharibu.”

“Sawa, wameniharibu. Kesho mama apigwe tena, mara moja kifua kimejaa pumzi, mara ya pili ameitoa yote. Ulioshika hausogei. Ulioegemea utateleza.”

Mimi ndiye niliyempiga picha hizo. Aune alivuta pumzi, akaibana, akaitoa, kisha akaniuliza, “Nimepumua vizuri?” kana kwamba ni mtihani wa kufaulu. Nilimwambia amepumua vizuri sana.

Raili aliziweka picha mbili sambamba, akatazama mpaka kahawa yake ikapoa. “Osmo, njoo. Unateleza.”

Harju alitazama, akavua miwani, akaivaa tena. “Ni kidogo mno.”

“Kidole kitapita?”

“Kitapita,” akasema, na sauti yake haikuwa na uhakika wowote.

Siku ya upasuaji Raili, ambaye akiona damu kichwa humzunguka, alisimama ukutani mwa chumba cha upasuaji tangu mwanzo. Harju aliingiza kidole polepole kati ya uvimbe na mshipa. Kikapita. Raili alitoka akalia kwenye korido mbele ya kila mtu, nasi tukalia naye. Vuli iliyofuata Aune alirudi kwenye masufuria yake.

Jumamosi hii, siku moja tu baada ya Raili kutuaga, binti wa Aune anahitimu sekondari na kuvaa kofia nyeupe ya wahitimu. Raili amealikwa, na ameniambia atakaa nyuma ili asionekane.

Asante, Raili, kwa kila picha uliyokataa kuiharakisha. Tunakuombea afya, theluji tele kila Januari, na wajukuu wanaosikiliza habari za sili bila kusinzia. Ila Jumamosi usikae nyuma. Mama mtu atakapomvika mwanawe kofia kwa mikono yake mwenyewe, tunataka uwe mstari wa mbele.