Wariara Njuguna na Visanduku vya Subukia

Waliofika hapa Bahati leo kumzika Mhandisi Wariara Njuguna ni mumewe, Bwana Ndung'u Gathogo, binti yao, Natalie Wangui, Bwana Dharmesh Vaghela wa Nakuru mjini, na wakulima wawili wa kahawa kutoka Subukia, Mzee Kiplangat arap Sang na Bwana Wycliffe Makokha, ambao wamekuja kwa gari moja.

Mhandisi Wariara Njuguna alizaliwa hapa Bahati tarehe 9 Machi 1968, akasoma shule ya msingi papa hapa, sekondari Nakuru, kisha uhandisi wa mawasiliano Nairobi, akafunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa Natalie.

Mwaka 2007, yeye na Bwana Dharmesh waliweka katika mashamba ya Subukia visanduku vya betri vya kupima unyevu wa majani ya kahawa, ili mkulima ajue mapema ugonjwa unapokaribia, na visanduku vikapokezana habari hewani, shamba hadi shamba, mpaka kiwandani. Lakini kupitisha habari za mwenzako hula betri yako, na baada ya miezi ile migumu ya mwanzo wa 2008, ya ghasia za uchaguzi, majirani walikuwa hawasalimiani, basi Mzee Kiplangat, mwenye shamba la katikati, akakizuia chake kisipitishe habari za wengine.

"Mathe, betri ni yangu, mbona ibebe mambo ya Makokha?" akamwambia Wariara.

"Na yako, mzee, yabebwe na nani?" marehemu akamjibu akicheka.

Juni hiyo madaktari walimwambia ana saratani, naye akawa na hamu moja tu, kuona habari za shamba la Makokha, la mwisho kabisa bondeni, zikifika kiwandani. Akashika hesabu za michezo, elimu inayochunguza mtu huchagua nini akijua kwamba mwenzake pia anachagua, akaviwekea visanduku sheria: kinachomnyima jirani nacho kitanyimwa, na kikianza tena kupitisha kitasamehewa papo hapo. Habari za Mzee Kiplangat zikakatika, akanung'unika wiki nzima, kisha akakifungulia.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba, kiwandani, Mzee Kiplangat ndiye aliyeiona skrini kwanza, akapiga kelele, "Imefika! Makokha, majani yako yameloa, kimbia ukapige dawa!" Marehemu akacheza ngoma akimwegemea Natalie, kitambaa kikamdondoka kichwani, asikiokote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru, majirani wa Bahati, na wote waliofanya kazi naye. Wariara, umechoka kwa haki, pumzika sasa.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2008, nyumbani.