Upepo wa Shingoni

Benchi la nje ya baa ya Wanda, kando ya mto Brenta, lina miguu ya chuma na wazee watatu ambao hawajawahi kukosea. Severino anaitwa Daktari kwa sababu amepasuliwa mara tatu. Albano ni Kocha, ingawa hajafundisha hata bata kuogelea. Wa tatu ni Ottorino, aitwaye Spoki, fundi baiskeli mstaafu, na asubuhi hiyo ndiye aliyekuja na habari. Mjukuu wake Tobia, kijana wa miaka kumi na saba, mshambuliaji wa timu ya mji, alikwenda kupimwa moyo kama wanavyopimwa vijana wote wa ligi kila mwaka, na daktari akamsimamisha kucheza.

– Kumsimamisha kwa lipi? Kocha aliwaka. Mtoto anafunga mpaka nyavu zinachanika!

– Mashine imechora mistari mibaya, alisema Spoki. Wakampiga na picha ya moyo. Wanasema misuli ya moyo ina kasoro, akikimbia sana unaweza kuzima ghafla.

Wote watatu wakashika chuma cha benchi haraka haraka, kufukuza mkosi.

– Upepo huo, Daktari alikata shauri. Kijana anatoka mazoezini na jasho, shingo wazi. Upepo unaingia hapa, unashuka, unakaa moyoni. Mashine inaona upepo, inadhani ugonjwa.

– Upepo wapi, wewe nawe! alisema Kocha. Mama yake anampa kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula! Maziwa yanaganda humo, moyo unasukuma jibini.

– Basi mpelekeni kwa muuza jibini, Wanda alidakia mlangoni.

– Cheka tu, alisema Kocha. Nawaambia, ile mashine imechezewa na watu wa ng'ambo ya mto. Si timu yao tunacheza nayo Jumapili?

– Na upepo wao ndio mbaya zaidi, alisema Daktari.

Spoki alicheka nao, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza. Akawaambia kwamba amemwahidi Tobia kumpeleka Jumamosi kwa daktari mwingine, mbali kidogo, rafiki wa shemeji yake Kocha, mtu mwelewa asiyependa kuharibia vijana mpira. Tobia alikuwa amemkumbatia babu yake kwa nguvu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kuota ndevu. Mzee alilala kwa furaha usiku ule, na kuamka na hofu.

Mwanamke mmoja, aliyehamia juzi juu ya duka la mikate, alikuwa amesimama pale akisubiri basi. Alikuwa amesikia yote.

– Samahani, wazee wangu. Na huyo daktari wa pili naye akikataa?

– Tunakwenda kwa wa tatu, alisema Kocha.

– Wa tatu akikubali?

– Hapo tumemaliza! Mtoto mzima kabisa.

– Na mtoto ana mioyo mingapi ya kujaribia?

Kocha ghafla akakumbuka kufunga kamba za viatu. Daktari, bingwa wa upepo, akawa anachungulia kikombe kitupu. Basi likaja, mwanamke akapanda bila kusubiri jibu. Spoki akatoa simu.

– Tobia? Jumamosi hatuendi popote.

– Babu! Si uliniahidi?

– Niliahidi, mwanangu. Nichukie mimi, usimchukie yule daktari. Afadhali wewe usimamishwe kuliko moyo wako usimame.

Simu ya Spoki, kwa sababu ya masikio yake mazito, hupiga kelele kama redio, kwa hiyo benchi zima lilimsikia kijana akilia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

– Sasa Jumapili nitafanya nini, babu?

Wanaume watatu, ambao kwa miaka mingi hawajafanya lolote Jumapili yoyote ile, wakatazamana, na hakuna hata mmoja aliyejua la kumwambia.