Mashine Isiyozimwa

Mwaka 1970, katika basi la kwenda mtaa wa Panda, nilikaa nyuma ya fundi mmoja mzee aliyeitwa Édouard na mama mwalimu, Clotilde. Walikuwa wamefahamiana kwa dakika kumi tu, lakini mzee alikuwa anamwambia mambo ambayo, nadhani, hata padri wake hakuyasikia.

"Kijana mumoja, Dominique, nilimufundisha kazi kwenye atelier ya mashine," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa namuambia: zima mashine kwanza, kisha usafishe. Lakini minye mwenyewe nilikuwa naisafisha ikizunguka, kusudi nimalize mbio. Siku moja naye akafanya vile, mashine ikamukata mukono wa kuume. Leo njo mara ya kwanza naenda kumuona tangu ile siku."

"Papa, ulimuonya. Naye haiko mutoto mudogo."

"Kinywa yangu ilimuonya. Macho yake ilifuata mikono yangu."

"Batu bengine balikuwa mule?"

"Batu babili. Balikuwa bananiona kila siku."

"Na balikuwa banazima mashine?"

"Kila siku."

"Sasa unaona! Kila muntu anachagua."

"Bale babili habakunipenda, mama. Dominique alitaka kuwa kama minye."

 

Basi likasimama. Dominique alikuwa anangoja chini, shati lake limekunjwa upande mmoja na kufungwa kwa pini. "Karibu, fundi!" alisema kwa furaha, akanyoosha mkono wa kushoto. Édouard akatoa wa kulia, akaurudisha, kisha akatoa wa kushoto.