Nilimwomba Mungu Mlango Mmoja, Akanifundisha Kujaribu

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena, maana leo nasimama mbele yenu nikiwa na furaha. Mimi ni Kavira, binti wa mtaa wa Mulekera kule Beni. Wengi wenu hapa Butembo mnanijua kwa sababu naimba kwaya. Hamkujua nilichokuwa nimebeba nilipokuwa naimba.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika saikolojia. Nyumbani walikuwa wameshaanza kuniita Prof. Baba aliwaambia wageni, "Huyu njo atafundisha ku université." Nami nilikuwa na sala moja tu: Bwana, nifanye asistanti, nifundishe chuo kikuu. Sikuomba kingine. Sikuwaza kingine.

Mwaka wa mwisho tukatangaziwa kwamba idara yetu haichukui tena maasistanti. Ndugu zangu, nilivunjika! Mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, nikaiacha katikati. Mama akipiga simu, naiacha ilie. Hata kwaya nilikuja nikifungua mdomo bila sauti. Nilijiambia Mungu amenisahau, na jasho la wazazi wangu limepotea. Nilikuwa tayari kuacha masomo kabisa.

Bwana akamtuma Madame Kahambu, mwalimu aliyekuwa anasimamia mémoire yangu. Alikuja mwenyewe hadi chumba nilichopanga. Nikamwambia nimeomba sana, Mungu amenyamaza.

"Ulimuomba nini?" akauliza.

"Anifungulie mulango ya kufundisha."

"Donc wewe umeshachagua, unangojea tu Mungu atiye signature?"

Nilicheka huku nalia! Kisha akanieleza njia wanayotumia wabunifu, wale wanaounda vyombo na nguo na nyumba. Hawakai chumbani wakingoja wazo moja kamili. Kwanza wanawasikiliza watu watakaokitumia kile kitu. Wanachora namna kadhaa. Wanatengeneza cha mfano, kidogo, wanakijaribu, na kikiharibika wanajifunza na kurekebisha.

"Fanya vile na maisha yako," akasema. "Chora maisha tatu, jaribu kila moja kidogo. Kuomba, uombe. Mais miguu nayo itembee."

Niliogopa. Niliona kama ni kukosa imani. Lakini nilipopiga magoti, kwa mara ya kwanza sikumpelekea Mungu jibu. Nilimwomba atembee nami.

Nikaanza na ile ile kazi ya kufundisha. Mwalimu mmoja akaniachia somo lake. Nilijiandaa vizuri, nikasema yote, na nusu ya wanafunzi wakasinzia. Kilichonishangaza ni kwamba mimi mwenyewe nilitaka saa iishe. Ndugu zangu, kumbe nilikuwa nalilia kazi ambayo sikuwahi kuionja!

Jaribio la pili, nikaenda dukani kwa shangazi yangu, anayeuza vitambaa kwa jumla hapa mjini. Wateja walinipenda, wakanieleza habari za ndoa zao na watoto wao, kisha wakaondoka bila kununua. Shangazi akashika kiuno: "Kavira, uko nasikiliza batu muzuri sana, mais hapa tuko nauzisha!" Tulicheka mpaka machozi. Lakini lile neno la kusikiliza nilitoka nalo.

Jaribio la tatu lilikuwa nyumbani, Mulekera. Kuna kituo kinachopokea akina mama waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita. Nikapanga viti kwa duara, nikaleta maswali yangu ya shule. Wakanyamaza wote! Zamani ningekimbia. Safari hii nilimwendea mmoja wao, Mama Soki, nikamuuliza nimekosea wapi.

"Mutoto yangu," akaniambia, "ukitukalisha vile, inafanana na bureau ya polisi. Siye hatuzoeaka kusema mikono ikiwa bure."

Kesho yake niliondoa viti. Tukaketi kwenye mikeka tukitoa maharage kwenye maganda. Mazungumzo yakaanza na habari za mvua, yakafika kwenye mashamba, kisha kwa waliobaki nyuma. Mama Soki akamtaja mume wake aliyeuawa, akamtaja kwa jina. Tulilia pamoja, tukaimba, tukapika yale maharage.

Jioni nilikula kwa wazazi kama mtu aliyetoka kufunga. Baba akaniuliza, "Na université?" Nikamjibu, "Baba, nimeionja. Haiko yangu." Akaniongezea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani. Nikajua amenielewa.

Mémoire yangu nikaiandika upya, juu ya akina mama wale na namna wanavyofunguka wakiwa kazini. Nimeitetea, nimefaulu, na kituo kimeniomba nibaki! Sijui kila kitu kuhusu kesho. Huenda nikarekebisha tena, na sina hofu. Asante, Bwana wangu, uliyenivumilia nikikupangia kazi!

Na wewe ndugu yangu unayenisikiliza huku moyo umebanwa, mwamini Mungu huyu. Hakudai uwe na jibu lote leo. Mwombe nguvu ya kujaribu kitu kimoja kidogo juma hili, uwaulize wanaoishi maisha unayoyatamani. Misa ikiisha nitakuwa pale kwenye ngazi za kanisa. Njoo tuongee, tuombe pamoja. Hata kama hujui uanze kusema nini, njoo vile vile.