Papa Losembe na Simu Kumi na Mbili za Bengamisa

Tarehe 31 Julai 2025, Papa Jean-Paul Losembe anafunga kwa mara ya mwisho mlango wa chumba cha kompyuta cha kitivo chetu, baada ya kukitumikia chuo kwa miaka thelathini na saba. Wapo maprofesa miongoni mwetu waliokuwa bado wanatambaa alipoanza kazi.

Aliingia Agosti 1988, kijana wa Yanonge aliyelelewa na biashara ya samaki, akawa mpiga chapa wa sekretarieti. Tasnifu zote za enzi hizo zilipita chini ya vidole vyake, naye husema alizisoma hadi mwisho, hata zile ambazo walimu wenyewe hawakuzimaliza. Kompyuta mbili za kwanza zilipoletwa, watu walizifunika kitambaa wakaziogopa. Yeye alizifunua, akajifundisha kwa kukosea, na baada ya mwaka mmoja akakabidhiwa chumba kizima.

Basi akaweka sheria zake. Viatu vinabaki mlangoni, kwa sababu ya matope. Hakuna aliyesamehewa, na mkuu mmoja wa idara alifika nyumbani kwake, mtaa wa Kabondo, amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Maprofesa wasiojua kushika kipanya walimjia saa ya chakula, kimya kimya. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nao waliinama. Majina yao hakuyataja kamwe. Sisi tunayajua, lakini leo ni siku ya furaha.

Sheria nyingine ilikuwa ya Jumamosi: simu za utafiti zilizorudi kutoka vijijini zinafutwa kila kilichomo, zinapanguswa na kuchajiwa, ili kikundi kinachofuata kizikute tayari. Hapo ndipo alipoteleza, nami naijua habari hiyo kuliko wote, maana kazi iliyofutika ilikuwa yangu.

Machi 2019 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kwa wiki tatu mimi na wenzangu tulizunguka Bengamisa tukiuliza familia mia nne na kumi na mbili zinachota maji wapi na watoto wao wanaugua mara ngapi. Majibu yalibaki ndani ya simu kumi na mbili yakingoja mtandao ili yatumwe, na mtandao wa chuo ulikuwa umekatika. Ijumaa simu zilirudishwa. Jumamosi Papa akafuta. Bila majibu yale, mwaka wangu ulikuwa umepotea.

Angeweza kulaumu umeme. Hapa kwetu umeme hubeba dhambi za watu wengi. Lakini Jumatatu nilimkuta mlangoni ananisubiri.

"Kosa iko yangu, Zaina," akasema. "Nilifuta yote, sikuuliza."

Akaomba ruhusa, tukapanda pikipiki mpaka Bengamisa. Sokoni akasimama mbele ya akina mama na kuyarudia maneno yaleyale. Mama Nyota, muuza mihogo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bon, Papa," akamwambia. "Munakuyaka na matelefone, munauliza, munaenda, sisi hatuonaka kitu. Safari hii mutufundishe, tutaandika sisi wenyewe."

Hatukuwa na njia nyingine. Kwa siku nane Papa alikaa nao katika darasa la shule ya msingi. Akina mama ambao hawakuwahi kugusa simu ya namna ile wakajifunza kujaza fomu na kupiga picha chemchemi. Wakaziuliza upya familia zile, nyumba kwa nyumba, wakaongeza na swali ambalo chuoni hatukulifikiria: mama akiwa shambani, nani anachota maji? Walikuwa watoto, nao walichota pale karibu, kwenye chemchemi chafu. Matokeo yalisomwa sokoni kabla ya kusomwa chuoni, na chemchemi ile ikazungushiwa uzio. Nilitetea tasnifu Agosti, nyuma ya wenzangu wote, na Mama Nyota alikaa mstari wa mbele akamsahihisha profesa mara mbili.

Tangu hapo vijiji tisa vimefundishwa, na kitivoni kwetu hakuna anayetetea tasnifu kabla matokeo hayajarudishwa kwa walioulizwa. Bonheur, anayepokea chumba, amekwisha kuelezwa habari ya viatu.

Papa Losembe, chuo kinakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na samaki wabichi kila siku. Mimi nina la ziada, na nimelinyamazia miaka sita. Ijumaa ile ni mimi niliyekukabidhi zile simu, nami nilijua majibu hayajaondoka. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, sikukuambia neno. Kisha ukasimama sokoni ukasema kosa ni lako, na mimi nikiwa kando yako nimefunga mdomo. Lilikuwa langu kabla halijawa lako. Nisamehe, Papa. Kapumzike vizuri, na siku zako zote zilizo mbele ziwe njema.