Kioo Kiligeuzwa, Kidole Kikaachwa

Benchi lile limebanwa kati ya kibanda cha kinyozi na duka la Injinia, fundi wa simu na kompyuta. Ubao wake wa katikati umelegea, kwa hiyo wazoefu hukaa pembeni, na mgeni akikaa katikati huzama. Alasiri hiyo Wembe, kinyozi mwenyewe, alikuwa amekaa upande mmoja, na upande wa pili Mzee Habari, tarishi mstaafu ambaye hakuna jambo asilolijua, hata lile ambalo halijatokea. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa. Seremala akatokea na kompyuta kwapani, ile ya kioo cha kugusa, inayokunjwa ikawa kama sahani, akaibwaga kwenye benchi hata vikombe vikaruka.

— Injinia, toka. Njoo uchukue mashine yako.

Injinia akachungulia dirishani, bisibisi mkononi.

— Kuna nini tena, kaka?

— Daktari ametoka kwangu sasa hivi. Kamwuliza mama, "Huyu ni mwanao?" Mama kabonyeza. Mashine ikasema hapana. Mbele yangu, Injinia. Hapana.

Wote walijua habari za yule mama. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kushoto, akabaki na kidole kimoja cha kulia chenye nguvu. Injinia ndiye aliyemwekea picha nne kwenye pembe nne za kioo: maji, choo, ndiyo, hapana. Ukigusa picha, mashine inalitamka neno. Seremala alichonga kishikio cha mbao, akakifunga kitandani ili mashine isimame wima kwa ubavu wake mfupi, na Injinia akaandika skripti, faili dogo la amri, ili kila ikiwashwa picha zigeuke nazo zisimame wima.

— Wiki tatu, Seremala akasema. Wiki tatu inasema choo, choo. Tunambeba, akifika hana haja, analia tu. Daktari kaandika kwamba akili haipo tena. Kaka yangu anakuja saa kumi na gari, anampeleka kwenye nyumba ya wazee wasiojitambua.

— Vidole vya wazee vina baridi, Wembe akasema. Kioo kinataka joto.

— Joto gani, we, Mzee Habari akadakia. Hiyo mashine ni mtumba. Imezoea mkono wa mwenyewe wa kwanza. Pengine alikuwa mtu wa kushoto.

— Basi yule mwenyewe bado yumo humo. Anabonyeza akiwa huko aliko, kwa mtandao.

— Hilo nalo lipo. Tena pengine hajui kama anabonyeza. Anafanya akiwa usingizini.

Seremala aliwasikiliza huku damu ikimpanda kichwani. Mama yake alikuwa anafungiwa mizigo, na hawa wanagawana uongo kama karata.

— Mashine yangu haina kosa, Injinia akasema. Picha si zimesimama vizuri? Nikwambie ukweli, kaka, hata kama unauma. Mama kichwa kimekwenda. Kubali tu.

Seremala akamkamata ukosi. Wembe akainuka kuwaachanisha, na hapo ndipo walipomwona mwanamke aliyekuwa amekuja kuchukua simu yake. Alikuwa mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, tayari amezama katikati ya benchi.

— Samahani, akasema. Mlipozigeuza picha, kidole nacho mlikigeuza?

Wakatazamana. Wembe akakitazama kidole chake mwenyewe.

— Kidole kinageuzwaje, dada?

— Sijui, mimi nashona. Ila nikigeuza kitambaa nikasahau kugeuza karatasi ya kukatia, nakata shingo mahali pa mkono.

Injinia akajitoa mikononi mwa Seremala, akaiwasha mashine, akaisimamisha wima. Akagusa maji. "Choo," mashine ikatamka. Seremala akamsukuma, akagusa ndiyo mwenyewe. "Hapana."

— Kuna amri ya kioo, Injinia akasema taratibu, na kuna amri ya kidole na kalamu ya kugusia kioo. Niliandika ya kioo tu. Picha zimehama pembe, kidole bado kinahesabiwa kwa pembe za zamani.

— Hukujaribu?

— Nilijaribu kabla ya kuigeuza.

Seremala akaketi. Alikuwa anapiga hesabu nyuma, siku baada ya siku, safari baada ya safari ya chooni.

— Alikuwa anaomba maji, akasema. Wiki tatu mama anaomba maji.

Wala hakumpiga. Alisema, "Andika," akamsimamia mgongoni mpaka mistari ya kidole na kalamu ikaingia kwenye skripti. Kisha akaibeba mashine kwa mkono mmoja, akamkokota Injinia kwa mwingine, wakaenda.

Mama alikuwa amelala akiangalia ukuta. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kukunjwa ndani ya begi. Seremala akaifunga mashine kwenye kishikio, akaiwasha, picha zikageuka.

— Mama, mimi ni mwanao?

Kidole kikapanda polepole. "Ndiyo."

Kabla hajasema lolote, kidole kikahama. "Maji." Akanywa vikombe viwili, mengine yakimtiririka kidevuni.

Nje honi ikalia.

— Kaka amekuja kukuchukua. Unataka kwenda?

"Hapana."

Seremala akamgeukia Injinia aliyesimama mlangoni.

— Umemsikia. Kamwambie wewe. Mwambie na ulichokifanya.

— Mama, nisamehe, Injinia akasema. Umenikasirikia?

Kidole kikagusa ndiyo. Kikagusa tena. Kiliendelea kugusa, na mashine ikaendelea kutamka, mpaka Injinia akashuka ngazi kwenda kwenye gari.