Leseni ya Redio ya Kinyozi

Kwenye basi, mbele yangu, kinyozi alikuwa akimlalamikia mama asiyemjua.

"Afisa wa hakimiliki kakaa kitini, kaniambia niongeze sauti ya redio. Nimemnyoa ndevu upande mmoja, anauliza leseni ya kupigia wateja muziki!"

"Ukammalizia?"

"Ningefanyaje?"

Mimi ningemwacha vilevile.

"Ulikuwa unapiga nyimbo gani?"

"Za zamani."

"Basi umepiga na za marehemu mume wangu. Alikuwa mwimbaji."

"Kumbe nyinyi ndio mnaotunyonya!"

"Hata senti sijaiona, mwanangu. Mimi husimama tu nje ya vibanda vya vinyozi kama wewe, nimsikie."

Basi likasimama kwenye kituo alichoomba kinyozi. Hakuinuka.

"Redio nimeshaiuza, mama."